Alama Ishirini na Saba

Pampu imekufa tangu Jumanne,
kwa hiyo kila anayekuja kucheza hupanda na mtungi:
ngazi sitini na nane, Pangani, ghorofa ya nne.
Ndiyo kiingilio.

Ochola amefika akihema,
kiganja kimechorwa mstari mwekundu na mpini.
Hajaketi, tayari ananishauri:
"Mchawi hahitaji nguvu. Mwekee nane.
Siha nane. Kilichobaki chote, akili.
Utasimama nyuma yetu, utarusha moto, basi."
Anafundisha hesabu Eastleigh. Kwake mtu ni mlinganyo.

"Mchawi wangu," nasema, "ana jina,"
na nyuma ya ukuta Mama Nekesa
anaongeza sauti ya kipindi cha maombi.

Nina penseli, kifutio chenye alama za meno,
na alama ishirini na saba za kumuumbia mtu.
Hesabu hii naijua.
Tarehe tano ya kila mwezi naifanya kwa mshahara:
kodi ikipanda, kitu fulani kinashuka,
na kinachoshuka hakilii siku hiyo.

Lemayian, mwenye upinde, anataka nikumbuke busara.
"Si ni sawa na akili?"
"Hapana. Akili inajua njia ya mkato
ya kutoka hapa hadi Ngara.
Busara inajua saa ya kutoipita."
Tunacheka. Aliporwa viatu hapo, mwezi wa pili.
Haiba sina haja nayo, nasema, na Lemayian ananitazama
kama mtu aliyewahi kuniona Gikomba
nikinunua koti kwa bei ya muuzaji.

Kiti cha dirishani kitupu.
Nduku ametuma ujumbe: wadi imejaa, hatoki leo.
*Mchezeeni mganga wangu. Asife.*
Karatasi yake iko mezani, imelainika kwenye mikunjo.
Tulimcheka alipoiandika:
mganga wa akili za kawaida, haiba ya jiwe,
lakini siha, siha kama ya ng'ombe wa kulimia.
"Umepoteza alama," Ochola alimwambia.
Nduku alikuwa akivua soksi, miguu imevimba
baada ya saa kumi na mbili za kusimama.
"Anayewainua wengine," alisema,
"lazima yeye awe bado amesimama."
Hakusema zaidi. Aliomba chai.

Na kule pangoni, joka lilipopumua,
Ochola alilala na upanga wake, Lemayian na upinde,
mchawi wangu wa zamani, akili kumi na tano,
alikufa akijua jina la joka katika lugha saba.
Yule mganga mjinga alibaki na pumzi moja.
Moja ilitosha.

Basi nafuta.
Alama ya kileleni huuzwa ghali:
akili ikishuka ngazi moja tu, siha inapanda mbili.
Kumi na nne. Kumi.
Karatasi imeparara hapo nilipofuta,
ukipitisha kidole utasikia.
Ochola anafyonza. "Utakosa shabaha siku moja
kwa tofauti ya hiyo moja."
Huenda. Naandika bado,
na pembeni, penye nafasi ya uganga wa kwanza,
namwandikia maneno ya kuitia moto:

*Moto uliofichika, kwenye jiwe na gogoni,*
*Amka sasa amka, nikuone kiganjani,*
*Wenzangu ukiwafika, wapite kwa pembezoni,*
*Na mimi nikianguka, usizimike gizani.*

Ochola anahesabu mizani kwa vidole, midomo ikicheza.
"Ziko sawa," anasema, kama aliyelipwa deni asilolitarajia.
Halafu anainuka, anauliza
kama mtungi wa Nduku umeletwa.
Haujaletwa. Uko chini, kwa mlinzi.

Nashuka mimi.